Maneno juu ya mti wa maua mbele ya nyumba

Haya ni kwenu, wazee, mama, na ninyi vijana wa Mulongo na wa vijiji vya kandokando ya Lualaba. Maneno haya yameandikwa ili mtu asiyefika barazani ayasome nyumbani kwake, au asomewe na mtoto wake. Basi wewe unayesoma, kaa chini, soma polepole, halafu chukua jembe.

Leo hatusemi juu ya mihogo, wala mahindi, wala samaki. Twasema juu ya mti wa maua. Najua mmoja wenu atacheka. Atasema: "Maua hayaliwi. Mtoto akilia kwa njaa, nitampa ua?" Swali hilo ni la haki. Nitalijibu kwanza, ndipo nikufundishe kazi.

KWA NINI TUPANDE MAUA?

Fahamu kwanza ya kuwa hili si amri. Zamani mtu wa kilimo alipofika kijijini, watu waliogopa. Kwa sheria ya mwaka 1917 serikali ya Wabelgiji iliweza kumlazimisha mwanakijiji alime mazao fulani, na pamba ilikuwa mojawapo. Asiyelima alipata adhabu. Mambo hayo yamekwisha. Hakuna mtu atakayekuja kuhesabu miti yako ya maua. Ukipenda, panda. Usipopenda, acha.

Tena sitakudanganya. Mti huu hautakulisha. Usiupande mahali pa mihogo yako, wala pa lengalenga wala pa mboga nyingine. Mtu akija kukuuzia mche kwa bei kubwa na kusema utakufanya tajiri, mwambie aende zake. Mti huu huota kwa kijiti, na kijiti huombwa kwa jirani bila fedha.

Basi faida yake nini? Faida ni tatu.

Faida ya kwanza ni uwanja. Sisi hufagia uwanja kila asubuhi mpaka udongo unakuwa mtupu na mgumu. Mvua ya kwanza ikinyesha, maji hukimbia na kuchukua udongo wa kando ya ukuta. Kila mwaka msingi wa nyumba hutokea nje zaidi. Miti michache iliyopandwa vizuri, pamoja na majani makavu yaliyotandazwa chini yake, huvunja nguvu ya maji hayo.

Faida ya pili ni nyuki. Ua la mti huu halina asali ndani yake, lakini lina unga wa njano mwingi, na nyuki hupenda kuuchukua ili kulisha watoto wao. Nyuki wanaokuja kwenye maua yako watakwenda pia kwenye maboga yako. Boga halizai bila mdudu wa kubeba unga wa ua dume mpaka ua jike.

Faida ya tatu ni watu. Vijana wetu wengi wamekwenda kwenye migodi ya Kolwezi na Likasi, kama vile wazee wao walivyokwenda Manono kuchimba bati. Wengine hurudi, wengine hawarudi. Nyumba ya mtu aliyekwenda huonekana upesi: nyasi mlangoni, ukuta umeanguka, hakuna anayeijali. Lakini mti mbele ya mlango husema kwamba hapa pana mtu anayengoja, na kwamba mahali hapa ni pake. Habari ya neno hili nitaisema huko mbele, maana nililijua kwa kosa langu mwenyewe.

MTI GANI?

Kwa Kifaransa mti huu unaitwa lilas des Indes, ndiyo kusema lila ya Uhindi. Wenye elimu ya mimea huuita Lagerstroemia indica. Asili yake ni Uhindi, Uchina na nchi nyingine za upande wa Asia, nao umepandwa katika miji mingi ya dunia yenye joto. Sisi tutauita lila tu.

Lila ni jamaa ya mhina, ule ambao wanawake wa pwani hutumia majani yake kupaka mikono na miguu wakati wa harusi. Mkomamanga nao ni wa jamaa hiyohiyo. Ukiwa peke yake na ukipata nafasi, hufika meta 3 mpaka 6. Ngozi yake ni laini, hubambuka vipande vipande, na chini yake shina linang'aa kama limepakwa mafuta. Maua yake hukaa mwishoni mwa matawi, mengi pamoja. Kila jani la ua limejikunja kama kitambaa kilichokamuliwa na kuachwa bila kupigwa pasi. Mengine ni ya rangi ya waridi, mengine mekundu, mengine ya zambarau, mengine meupe.

Kama hukuona lila katika nchi yako, usihuzunike. Maneno mengi ya kitabu hiki yafaa pia kwa hibiskusi na bogenvilia, ambazo huota kwa vijiti vilevile.

NENO LA KWANZA: UDONGO

Lila haichagui sana udongo. Udongo wetu mwekundu waweza kuifaa, kama maji hayasimami. Mambo mawili tu huichukia: kivuli na matope. Basi usiipande chini ya mwembe, wala katika bonde ambako Lualaba hupanda wakati wa mafuriko. Chagua mahali panapopata jua tangu asubuhi mpaka jioni.

Udongo wa kichuguu cha zamani ni mzuri kuchanganya na udongo wa uwanja, maana una nguvu. Changanya pia samadi ya mbuzi iliyooza. Jivu la jikoni laweza kutiwa kidogo, konzi moja tu. Jivu likizidi, majani huwa ya njano.

Sasa sikia neno kubwa, wewe ambaye ndugu zako hurudi kutoka migodini. Si kila udongo ni wa kupandia. Upande wa Likasi, Kolwezi na Lubumbashi kuna vilima vya shaba ambako miti mikubwa haioti. Huko huota majani madogo yaliyozoea shaba. Mmoja wao wenye elimu huuita Haumaniastrum katangense, na watafuta madini waliutumia kuwa alama. Ukiona ua lake limejaa mahali, fahamu kwamba yaelekea chini pana shaba. Linapendeza macho, lakini mahali pale si pa kupanda mboga.

Tazama tena habari ya Lubumbashi. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kilianza kazi huko mwaka 1911, nacho kilitoa moshi miaka mingi sana. Upande upepo ulikokwenda, mahali paitwapo Penga-Penga, udongo ulijaa shaba na madini mengine, na pori likafa. Miti haikupigwa shoka tu: udongo wenyewe uliwakataa wale wapya waliotaka kuota.

Basi usilete nyumbani udongo wa mgodini, wala mchanga uliobaki baada ya kuosha mawe. Gunia lililobeba mawe ya madini usilitumie kwa miche, wala kwa unga wa bukari. Neno hili ni kwa ajili ya mti wako, na zaidi ni kwa ajili ya watoto wako.

NENO LA PILI: VIJITI

Katika wakati wa jua, mwezi wa 7 na wa 8, lila huangusha majani yake. Huo ndio wakati wa kuchukua vijiti. Fanya hivi:

1. Omba ruhusa kwa mwenye mti. Usikate usiku kama mwizi.

2. Chagua matawi ya mwaka uliopita, yenye unene wa kalamu. Usichukue yale membamba kama ufito wa ufagio, wala yale manene kama kidole gumba.

3. Kata vipande vyenye urefu wa shibiri moja, karibu sentimeta 20. Chini kata sawasawa, karibu na kifundo. Juu kata kwa mshazari. Hivyo hutasahau upande gani ni kichwa na upande gani ni mguu. Kijiti kilichopandwa kichwa chini hakioti.

4. Tengeneza kitalu kidogo chenye kivuli chepesi, karibu na mahali pa maji. Choma vijiti ardhini, theluthi mbili ndani, theluthi moja nje. Shindilia udongo kwa vidole.

5. Mwagilia kidogo kidogo, udongo uwe na unyevu, usiwe matope.

Panda 10 ukitaka 5. Vingine vitakufa, na hiyo ni desturi ya vijiti. Usivivute kutazama kama vimetoa mizizi, kama watoto wafanyavyo. Majani mapya yakitoka usifurahi upesi, maana kijiti chaweza kutoa majani kwa nguvu iliyobaki ndani yake, kabla ya kupata mzizi. Viache kitaluni mpaka mvua za mwaka unaofuata.

Kuna njia nyingine nyepesi. Lila ya zamani hutoa watoto chini ya shina. Mvua zikianza, chimba mtoto mmoja pamoja na mzizi wake, umpande mara moja.

NENO LA TATU: KUPANDA

Mvua zikishika vizuri, mwezi wa 11, ndipo upande. Chimba shimo la nusu meta kwenda chini na nusu meta kwa upana. Liwe mbali na ukuta meta 2 au zaidi, ili matawi yasisugue nyasi za paa na wewe upate njia ya kupita. Ukitaka safu ya miti kama ua wa nyumba, acha meta 2 kati ya mti na mti.

Rudisha udongo mzuri uliochanganywa na samadi. Weka mche usawa uleule uliokuwa nao kitaluni, usiuzike zaidi. Kanyaga taratibu. Mwagilia hata kama mawingu yako juu.

Kisha tandaza majani kuzunguka mti, lakini yasiguse shina. Acha nafasi ya upana wa mkono. Mchwa hupenda majani makavu, na wakifika shinani watakula ngozi ya mche mchanga. Pita kila juma, funua majani, tazama.

Mbuzi ni adui mkubwa kuliko mchwa. Zungushia mche miiba au fito mpaka upite kimo cha mbuzi. Mtu asemaye "mbuzi wangu ana adabu" atapanda mara mbili.

Katika wakati wa jua wa kwanza, mpe mche wako maji, kopo kubwa moja kila siku ya tatu. Maji yaliyooshea mboga yafaa. Maji yenye sabuni nyingi hayafai. Mwaka wa pili mti utaanza kujitafutia wenyewe. Ukiangusha majani yote katika baridi ya mwezi wa 6 na wa 7, usiung'oe. Kwaruza ngozi kidogo kwa ukucha. Ukiona kijani, mti uko hai, umelala tu.

NENO LA NNE: KUKATA

Hapa ndipo nilipokosa, na sasa nitasema habari yangu.

Kaka yangu mkubwa alikwenda kufanya kazi ya mgodi Kolwezi. Siku alipoondoka, mama alipanda kijiti cha lila mbele ya mlango. Kilishika. Mwaka wa tatu mti ulikuwa mrefu kuliko mama, na maua yake yalionekana tangu njiani. Kaka alileta habari kwamba atakuja mwezi wa 3 na mchumba wake, azazi wamwone. Mimi nikataka uwanja uwe safi. Mwezi wa 2 nilichukua panga, nikakata matawi yote ya lila sawasawa, kama mtu anyoavyo kichwa cha mtoto. Nilidhani nimefanya kazi nzuri. Mama hakusema neno. Aliokota matawi, mengine yakiwa na vifungo vya maua ambavyo havijafunguka, akayaweka nyuma ya jiko.

Kaka alipofika, alipita mlango wetu, akaenda mpaka nyumba ya pili. Alipogeuka aliuliza: "Mama, mti wako uko wapi?"

Sikiliza basi, usifanye kama mimi. Ua la lila hutoka mwishoni mwa tawi jipya, lile lililoota mwaka huohuo. Ukikata katikati ya mvua, umekata maua. Kata mwishoni mwa wakati wa jua, mwezi wa 8 mwishoni au wa 9, kabla matawi mapya hayajatoka. Mvua zikija, mti utatoa matawi yenye nguvu, na baada ya miezi michache utapata maua.

Kazi yenyewe ni hii. Ondoa matawi yaliyokufa. Ondoa yanayosuguana. Ondoa watoto wa chini usiowahitaji, ubakize mashina 3 mpaka 5. Kisha fupisha vitawi vyembamba vya mwisho. Basi, yatosha.

Usikate shina nene kama mkono. Watu wengi hufanya hivyo, wakidhani mti utapata nguvu. Mahali palipokatwa hutokea kinundu kibaya, na juu yake matawi mengi dhaifu. Mvua ikiyajaza maua maji, yatainama mpaka chini na kuvunjika. Tumia kisu kikali, si panga butu lirarualo ngozi.

Maua ya kwanza yakikauka, kata vichwa vyake kabla ya mbegu kukomaa. Mara nyingi mti utatoa maua tena.

NENO LA TANO: MAGONJWA

Magonjwa yake ni machache. Ukiona majani yamepakwa weupe kama unga wa mihogo, huo ni ukungu. Sababu yake ni kivuli na kubanana. Punguza matawi ya ndani, upepo na jua vipite.

Ukiona majani yananata, kisha yanakuwa meusi kama masizi, geuza jani utazame chini yake. Utaona vidukari, wadudu wadogo sana, wamekaa pamoja wakinyonya. Koroga sabuni kidogo katika maji, waoshe jioni, rudia baada ya siku chache. Usinunue dawa kali ya kupulizia kwa ajili ya maua. Ile huua nyuki, na nyuki ndio tuliowataka.

MAUA YA KUOGOPA

Usiseme: "Kwa kuwa maua ni mazuri, nitapanda kila ua nitakaloona." Wewe wa mtoni wajua gugu-maji, lenye ua zuri la zambarau. Asili yake ni Amerika ya Kusini. Watu walilipeleka nchi nyingi kwa sababu ya uzuri wake. Katika miaka ya 1950 lilienea katika mto Kongo, likaziba njia za mitumbwi na za meli. Ua moja la kupambia bwawa likawa kazi ya watu wengi, na mpaka leo halijaisha.

Lantana nayo, yenye maua madogo ya njano na mekundu, huvamia malisho, na majani yake huwadhuru ng'ombe na mbuzi. Oleanda ina sumu katika majani, maua na matawi, usiipande penye watoto. Lila haihesabiwi katika miti yenye sumu, wala haina desturi ya kuvamia mashamba yetu. Hata hivyo, panda tu ile utakayoweza kuitunza.

KUMBUKA MIEZI

Mwezi wa 7 na wa 8: chukua vijiti.
Mwishoni mwa mwezi wa 8 na mwezi wa 9: kata mti mkubwa.
Mwezi wa 11: panda mche.
Wakati wa mvua: palilia, tazama mchwa, kata maua yaliyokauka.
Mwezi wa 5 mpaka mvua zirudi: mwagilia mche mchanga, usiung'oe ukiangusha majani.

Maneno yangu yamekwisha. Mti wa mama haukufa. Mwezi wa 9 nilikata tena, safari hii vitawi vyembamba tu, na mama alisimama karibu akinionyesha. Mvua ziliporudi ulichanua. Kaka hakuwapo, alikuwa amekwisha kurudi mgodini na mke wake, lakini mwaka uliofuata walikuja na mtoto. Mara hiyo hakupita mlango. Aliuona mti tangu njiani, akamwambia mkewe: "Pale ndipo kwetu."

Basi, jirani yako akiwa na lila, nenda kesho ukamwombe kijiti. Nawe ukipata mti mkubwa, usimnyime atakayekuja kukuomba.